Venye unaeza kuanza anatomia bila kukariri majina tu

Wale mnaanza anatomia, yaani somo la vile mwili umeundwa, KMTC (chuo cha mafunzo ya afya) hapa Kisumu ama kule Nakuru, na wewe wa Chuo Kikuu cha Maseno pia, nawaomba msianze na orodha ya majina. Najua noti za wiki ya kwanza huja zimejaa Kilatini na CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, iko karibu, lakini jina ambalo hujalipatia mahali kwa mwili linatoka kichwani jioni hiyo hiyo. Jua kwanza kitu kiko wapi, alafu kinafanya kazi gani, jina lije mwisho.

Shika mkao wa anatomia kabla ya kitu kingine chochote. Mtu amesimama wima, anaangalia mbele, mikono iko kando na viganja vimeangalia mbele. Kulia na kushoto ni za huyo mtu, si zako wewe unayeangalia picha, na hapa ndio wengi hupoteza maksi za bure.

Mifupa usiisomee kwa kitabu pekee, unayo. Mtu mzima ana 206, mtoto mchanga ana mingi zaidi juu mingine huungana akikua. Weka kidole juu ya kifua karibu na koo ufuate ule mfupa mpaka begani, hiyo ni klavikula, mtu akianguka na boda akatua na bega mara nyingi ndio huvunjika. Ncha ya kiwiko ni alna. Radiasi iko upande wa kidole gumba, na hapo kwa kifundo cha mkono ndio unahesabu mapigo, mtu mzima akiwa ametulia huwa 60 hadi 100 kwa dakika. Sasa geuza kiganja kiangalie chini huku umeshika mkono katikati ya kiwiko na kifundo, utasikia radiasi ikivuka juu ya alna. Ukishasikia hivo huwezi kuzichanganya tena. Na mbavu ni jozi 12 kwa mwanaume na kwa mwanamke, jihesabie.

Alafu enda bucha. Hii ndio sehemu naipenda na sijui kwa nini watu wanaiogopa, huhitaji kungoja maabara. Itisha moyo mzima, wa mbuzi ni sawa, wa ng'ombe ni mkubwa na unaonekana vizuri ila mara nyingi utaupata na mkato kwa sababu mkaguzi wa nyama huupasua akitafuta mabuu ya tegu. Mwambie mwenye bucha aache mishipa ya juu ikiwa mirefu. Ukifika nyumbani uoshe, alafu uubonyeze kwa vidole kila upande: ule mgumu ni kushoto. Tafuta aorta, ule mshipa mnene wenye ukuta mgumu unaotoka katikati, mimina maji ndani yake polepole kabla hujakata kitu. Kama moyo haujapasuliwa utaona maji yanasimama, hayashuki, kwa sababu vali, ule mlango mdogo wa ndani, imejifunga kwa uzito wa hayo maji, na ndio inavyojifunga kwako kila mapigo damu isirudi nyuma.

Sasa kata kutoka aorta ukishuka mpaka ncha ya chini. Linganisha ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto na wa kulia, wa kushoto ni mnene zaidi ya mara mbili, kwa sababu kulia inasukuma damu mpaka mapafu tu hapo jirani na kushoto inasukuma mpaka vidole vya miguu. Utaona nyuzi nyeupe zimeshika vali kwa misuli ya ndani, zinazuia vali isipinduke. Juu kidogo ya vali ya aorta kuna matundu mawili madogo, ingiza njiti ya fagio taratibu uone inaelekea wapi: ni mishipa inayolisha moyo wenyewe, ikiziba ndio mshtuko wa moyo. Ukitumia kisu safi na ubao safi moyo bado unapikika.

Figo nunua la mbuzi, si la ng'ombe, juu la ng'ombe limegawanyika vipande vipande na letu ni laini kama la mbuzi. Pasua kwa urefu uone gamba la nje na sehemu ya ndani. Figo zako mbili huchuja karibu lita 180 kwa siku na mkojo ni kama lita moja unusu tu, hiyo ingine yote inarudishwa kwa damu. Matumbo usinunue kusomea tumbo la mtu, ng'ombe ana vyumba vinne.

Mifumo sasa isome kwa kufuata njia. Umekula ugali na omena: mate yanaanza kuvunja wanga mdomoni, asidi na pepsini (kimeng'enya cha tumbo) zinaanza protini, nyongo na kongosho zinamwaga majimaji yao mwanzo wa utumbo mwembamba, alafu sukari na protini zilizovunjwa zinapitia ini kwanza kabla ya kuzunguka, lakini mafuta ya omena yanapita njia ya limfu, yaani mirija ya majimaji nje ya mishipa ya damu, na kuingia kwa damu karibu na shingo upande wa kushoto. Chora hiyo njia bila kuangalia noti, penye umekwama ndio penye utasoma leo.

Jaribu ingine ngumu kidogo. Mtu ametoka Kisumu, mita kama 1,130, akahamia Nakuru, mita kama 1,850. Hewa ni nyepesi, figo zinahisi oksijeni imepungua, zinatoa homoni ya erithropoietini, uboho wa mifupa unatengeneza seli nyekundu zaidi. Hapo umeshagusa mapafu, figo, homoni, mifupa na damu. Hizo seli huishi kama siku 120 alafu wengu na ini huzivunja. Malaria, ambayo huku ziwani tunaijua sana, huzivunja mapema, kwa hivo wengu huvimba, mtu anapungukiwa damu, na macho yanaeza kugeuka manjano. Ukimaliza hiyo, chukua kisukari ufanye vile vile, anzia kongosho uone utafika mpaka wapi, macho, figo, neva za miguu, na uandike sababu ya kila hatua.