Somo: Kujifunza kuendesha kreni kwenye jukwaa la baharini

Mwendeshaji aliyezoea kreni za nchi kavu hana budi kuwa mwanafunzi tena siku anapopanda jukwaa la baharini, kwa kuwa huko mzigo hutolewa kwenye sitaha ya meli inayopanda na kushuka, na kreni iliyoubeba mzigo huohuo kwa urahisi bandarini huweza kuelemewa.

Hatua ya kwanza ni kulijua jedwali la uzito. Kreni ya baharini huwa na viwango vya kuhamisha mizigo juu ya jukwaa lenyewe, na vingine vya kunyanyua kutoka melini, ambavyo hupungua kadiri mawimbi yanavyokuwa makubwa na kadiri mkono wa kreni unavyonyooshwa mbali. Katika hesabu jumlisha uzito wa ndoano na slingi, yaani kamba au minyororo ya kuufunga mzigo kwenye ndoano, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau.

Hatua ya pili ni ukaguzi kabla ya zamu: waya, breki, swichi za kikomo (zinazoizuia kreni kupita mwisho wa mwendo wake) na lachi ya ndoano, yaani kifungio cha mdomo wake. Waya wenye nyuzi zilizokatika au uliopondeka haujadiliwi. Kreni husimama hadi mtu mwenye ujuzi auchunguze.

Hatua ya tatu ni pembe za slingi. Mzigo wa tani 2 ulioning'inizwa kwa miguu miwili ya slingi (vipande viwili vinavyoshuka kutoka ndoano hadi mzigo) iliyo wima huuvuta kila mguu kwa tani 1, lakini miguu hiyo ikilala hadi nyuzi 30 kutoka usawa, kila mmoja huvutwa kwa tani 2.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha mafunzo, nami huwasihi wanafunzi wasiiharakishe. Itazame meli kwa mawimbi kadhaa bila kugusa chochote, ujue mwendo wake. Mzigo ukishafungwa na watu wakishasogea mahali salama, unyanyue meli inapofika kileleni mwa wimbi, bila kusita, ili sitaha ishuke na kuuacha mzigo hewani. Ukikawia, waya uliolegea utakazwa ghafla meli inaposhuka; ukinyanyua polepole mno, sitaha itapanda tena na kuugonga mzigo kutoka chini.

Hatua ya tano ni mawasiliano. Fuata ishara za mtu mmoja tu aliyeteuliwa, isipokuwa ishara ya kusimama, ambayo hutiiwa hata ikitolewa na mpishi. Usipouona mzigo na redio ikanyamaza, simama.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, je, mazoezi ya mashine inayoiga kreni yanatosha?
Hayatoshi, ndugu yangu, ingawa yana faida kubwa, maana humo unaweza kukosea bila kumuumiza mtu. Baada yake fanya kazi halisi chini ya msimamizi, ukiandika kila unyanyuaji katika daftari lako, kisha upimwe kwenye aina ileile ya kreni utakayoiendesha.

Ndoano ikinasa kwenye meli nifanye nini?
Acha kunyanyua mara moja, legeza waya, umwarifu nahodha. Usijaribu kuinasua kwa nguvu. Kreni nyingi za baharini zina kinga inayouachia waya mvuto ukizidi kipimo. Jifunze mahali ilipo swichi yake na namna inavyofanya kazi kabla ya kunyanyua mzigo wa kwanza.

Mkuu wa zamu akinihimiza ninyanyue ilhali mawimbi yamezidi kiwango cha jedwali?
Kataa kwa heshima, umwonyeshe jedwali, na uandike sababu katika daftari la kreni.