Wachezaji Wakiumia Katikati ya Msimu: Namna ya Kuiendesha Timu ya Kikapu

Mara nyingi msimu hauharibiki siku mchezaji anapoanguka. Huharibika wiki zinazofuata, kocha anapowabebesha waliobaki dakika zote za aliyeumia, nao wakaanza kuumia mmoja baada ya mwingine, au anapomrudisha majeruhi kabla hajapona.

Hata klabu tajiri hazisalimiki. Golden State Warriors walifika fainali za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, miaka mitano mfululizo, 2015 hadi 2019. Katika fainali za 2019, kano la kisigino la Kevin Durant lilikatika mechi ya tano, na mechi ya sita likachanika kano la goti la Klay Thompson. Durant akahama, na Oktoba Stephen Curry akavunjika mkono. Msimu wa 2019-20 wakashinda mechi 15 na kupoteza 50. Timu ya Malindi yenye wachezaji 12, wengine wakitoka kazini moja kwa moja hadi kiwanjani, inahitaji mpango kabla ya mechi ya kwanza.

Anza na hesabu ya dakika. Mechi ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni dakika 40. Wachezaji watano uwanjani wanatumia dakika 200. Weka daftari la wastani wa kila mmoja. Tuseme gadi, yaani mchezaji anayeongoza mpira, anayecheza dakika 32 ameteguka. Wanne wenzake wanaoanza waongezee dakika tatu kila mmoja, zisizidi. Hizo ni 12. Zinazobaki 20 wagawie wawili au watatu wa benchi. Anayecheza dakika 30 akipandishwa hadi 38 kwa ghafla, miguu inachoka robo ya nne, anatua vibaya, na sasa una majeruhi wawili.

Dakika peke yake hazitoshi. Andika kazi alizokuwa akifanya: nani ataleta mpira mbele timu ikibanwa uwanja mzima? Nani atamkaba mfungaji wao? Nani atagombea ribaundi, mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu? Kazi hizo usimpe mtu mmoja zote. Akiumia mrefu wenu, kaba kwa eneo, 2-3 (wawili mbele, watatu nyuma, kila mmoja akilinda sehemu yake), ili waliobaki wasimalize faulo zao tano mapema. Punguzeni mbio pia: pigeni pasi hadi saa inayohesabu muda wa kila shambulizi ibaki na sekunde nane hivi ndipo mtafute goli, isipokuwa mkipata nafasi ya wazi chini ya kikapu.

Msikimbilie kuacha mechi kwa kuwa mmepungua. Kwa kanuni za FIBA, ushindi una pointi 2, kupoteza uwanjani pointi 1, na timu isiyo na watano tayari dakika 15 baada ya muda wa kuanza hupoteza 20–0 bila pointi yoyote. Ila mechi ikishaanza, inaendelea hata mkibaki wawili. Pointi hiyo moja huamua nafasi mwisho wa ligi, kwa hiyo safirini Mombasa hata mkiwa saba.

Sasa jeraha lenyewe. Linalojirudia zaidi katika kikapu ni kuteguka kifundo cha mguu, aghalabu kwa kutua juu ya mguu wa mwenzio chini ya goli. Mtoe mchezaji, kisha bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa mifupa miwili ya kifundo, sentimita sita za chini, na mfupa wa pembeni katikati ya wayo upande wa kidole kidogo. Mfupa ukiuma, au hawezi kutembea hatua nne, apelekwe hospitali akapigwe eksirei siku hiyohiyo. Kama sivyo, funga bandeji ya kuvutika, inua mguu juu ya moyo, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hadi 20, urudie kila baada ya saa mbili au tatu. Barafu ya kuhifadhia samaki inafaa kabisa.

Hapa Pwani wengi humkimbiza majeruhi kwa mkandaji au humchua kwa maji moto jioni ileile. Siku tatu za mwanzo huko kunazidisha uvimbe. Mkandaji asubiri.

Goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache ni jambo jingine. Usijaribu lolote zaidi ya kumpeleka kwa daktari. Kano la ndani likiwa limekatika, mchezaji huyo hana msimu, maana kurudi huchukua miezi tisa au zaidi. Tafuta mbadala mara moja kabla dirisha la usajili halijafungwa. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa harudi uwanjani siku hiyo, hata akiapa yu mzima.

Kurudi ndiko kunakoharibiwa zaidi, kwa sababu maumivu huisha kabla ya nguvu kurudi. Mchezaji apande ngazi hizi kwa zamu: kutembea bila kuchechemea, kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 20, kukimbia moja kwa moja, kukata kona, mazoezi bila kugusana, mazoezi kamili. Uvimbe ukirudi kesho yake, ashuke ngazi moja. Kabla ya mechi aruke kwa mguu mmoja na upime umbali: mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya ule mzima. Mechi ya kwanza dakika 10 hadi 12, ya pili 16 hadi 20.

Viwanja vya saruji vya huku vinahitaji ufagio. Mchanga mwembamba unaopeperushwa na upepo huteleza chini ya soli, basi fagieni kabla ya kila mazoezi. Miezi ya kaskazi anzeni saa kumi na nusu jioni au baadaye, na Ramadhani fanyeni mazoezi makali baada ya kufuturu, mchana mkabaki na mipira ya kutupa tu. Kila mazoezi yaanze kwa dakika 15 za kusimama mguu mmoja, kuchuchumaa, na kutua kwa miguu miwili magoti yasiingie ndani. Aliyewahi kuteguka avae kifunga kifundo cha kamba katika kila mazoezi na kila mechi kwa miezi sita angalau, hata kama hasikii maumivu.