Kabla hujakaa kuandika CV na barua ya kazi ukiwa bado chuo

Wengi tukiwa chuo tunaianza CV kwa kutafuta templeti kali mtandaoni, yenye rangi mbili, kaduara ka picha na vile vinyota vya kuonyesha eti Excel unaijua nyota nne kati ya tano, halafu ukifika pa kujaza maneno unaganda. Sio kwamba huna cha kuandika, ni kwamba umekaa kuandika kabla hujakusanya. Kwa hiyo ninayoyasema hapa karibu yote ni ya kabla, hata Word yenyewe usiifungue kwanza.

Anza na faili moja refu ambalo hutamtumia mtu yeyote. Humo mwaga kila ulichofanya tangu uingie chuo, usichague chochote bado: fildi, projekti ya kikundi na kile kipande ulichofanya wewe mwenyewe, uongozi wa darasa, kutunza hela za klabu, kazi ya likizo dukani kwa mjomba, kujitolea, kupiga picha kwenye sherehe za watu ukalipwa. Pembeni ya kila kitu weka mwezi na mwaka, nani alikuwa anakusimamia, na namba yoyote unayoikumbuka, watu wangapi, hela kiasi gani, muda gani. Namba ndo zinakimbia kichwani haraka kuliko vyote, ukingoja mpaka mwaka wa mwisho utabaki na "nilishiriki", na neno nilishiriki kwa kweli halimwambii mtu kitu, hata aliyekuja kula keki alishiriki.

Ona tofauti. Mmoja kaandika "Mweka hazina wa klabu." Mwingine kaandika "Nilitunza fedha za klabu yenye wanachama 60 kwa mwaka mmoja, nikaandaa taarifa ya mapato na matumizi kila mwezi." Cheo ni kilekile ila wa pili tunajua alikuwa anafanya nini, na anayetafuta msaidizi wa uhasibu ataacha kuskroli hapo. Kila mstari jiulize maswali mawili tu, nilifanya nini na kikatokea nini, kisha uanze na kitenzi: nilipanga, niliuza, nilipima, nilifundisha. Ila namba usitunge! Kama hukumbuki sema bila namba, kwa sababu kwenye intavyuu wanapenda kuuliza hukohuko ulikopamba.

Na wewe unayesema "mi sina uzoefu", hilo faili ndo dawa yako. Mwanafunzi hategemewi kuwa na miaka mitano kazini, kwa hiyo elimu inakaa juu, inafuatwa na projekti na fildi, kazi ndogondogo zinakuja baadaye. Kwenye kila sehemu la karibuni linatangulia. Utafiti wako wa mwisho wa masomo ni kazi, umekusanya data, umeichambua, umeandika ripoti na ukaitetea mbele ya watu, sasa kwa nini uuandike mstari mmoja wenye kichwa cha habari tu? Matokeo ya sekondari yaache taratibu kadiri unavyopanda mwaka, isipokuwa tangazo limeyataka. GPA kama ni nzuri iweke, kama sio nzuri na hawajaiuliza taja kozi zinazohusiana na kazi hiyo. Kuipandisha kidogo usithubutu, transkripti huwa inaombwa.

Baada ya hapo ni tangazo lenyewe, na hapa ndo watu wanapoteza kazi walizozistahili, maana wanasoma cheo na dedlaini basi. Lisome na kalamu mkononi, tenga sifa za lazima na zile za "itakuwa faida zaidi", piga mstari maneno yanayojirudia, halafu rudi kwenye lile faili refu uchukue vinavyojibu hayo tu. Kampuni nyingi kubwa zinapokea maombi kupitia programu zinazosoma na kupanga CV kabla binadamu hajaziona, kwa hiyo wakisema uchambuzi wa data na wewe unao, andika uchambuzi wa data, usijifanye mshairi. Programu hizohizo ndo sababu templeti yenye safu mbili, majedwali na maandishi yaliyokaa ndani ya picha inaweza kukuangusha. Kupima ni rahisi: kopi maandishi yote kutoka kwenye PDF yako upesti kwenye Notepad, yakitoka yamechanganyikana basi jua mashine nayo inaweza kuyasoma vilevile. Kuna ujanja unazunguka wa kujaza maneno ya tangazo kwa rangi nyeupe ili mashine ione na mtu asione, achana nao, maandishi yakishatolewa kwenye faili rangi haipo tena na aibu inabaki yako.

CV ikipita kwa mashine inakutana na mtu mwenye haraka. Kampuni ya Marekani ya Ladders ilifuatilia macho ya waajiri mwaka 2018 ikakuta mtazamo wa kwanza kwenye CV unachukua wastani wa sekunde 7.4. Ukurasa mmoja unamtosha mwanafunzi, herufi saizi 10 hadi 12, na nafasi nyeupe za kutosha jicho lipumue.

Sasa barua. Nyingi zinaanza "husika na kichwa cha habari hapo juu", hiyo haina ubaya, shida ni kinachofuata: mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Anayesoma ameshakutana na kijana huyo asubuhi nzima. Leonardo da Vinci, yule mchoraji maarufu wa Italia, alipoomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, mwanzoni mwa miaka ya 1480, alijaza barua madaraja ya kubebeka, mizinga na magari ya vita, uchoraji akautaja karibu na mwisho! Aliona bwana yule ana wasiwasi wa vita, akamwandikia yale yanayomsumbua yeye. Kwa hiyo kabla ya barua tafuta kampuni inafanya nini hasa, kitengo hicho kinahangaika na nini, na kama jina la mpokeaji linapatikana. Kisha chagua mambo mawili tu kwenye faili lako uyaeleze vizuri, hii kazi naijua kwa sababu niliwahi kufanya hivi, ikawa hivi. Usiirudie CV yote. Programu za akili bandia zitakuandikia barua kwa sekunde chache, zitumie kusahihisha lugha ukitaka, ila ukiituma barua hiyo kama ilivyo unarudi kwa yule kijana mchapakazi. Na angalia jina la kampuni, barua ikibeba jina la kampuni uliyoomba jana hapo hakuna wa kukutetea.

Wadhamini, yaani wale unaowataja kwenye CV waulizwe habari zako, uwaombe ruhusa mapema, sio wanapigiwa simu wanauliza "nani huyo?" Mhadhiri aliyesimamia projekti yako ana cha kusema kuliko profesa maarufu uliyemuona kwenye ukumbi wa watu mia tatu. Mtumie CV na tangazo ajue unaomba nini.

Vidogovidogo: imeili yenye jina lako, sio ile ya sweetboy uliyofungua sekondari. Faili liitwe jina lako na neno CV, sio "cv mpya final 3". Tuma PDF isipokuwa wametaka Word. Picha, umri na dini inategemea unaomba wapi, Marekani na Uingereza kwa kawaida hawaviweki kwenye CV, Ujerumani picha ilizoeleka kwa muda mrefu. Mpe mtu mwingine asome, macho yako yameshazoea makosa yako, na jitumie mwenyewe kwanza uone viambatanisho vinafunguka kwenye simu.

Ukishatuma hifadhi tangazo zima, liskrinishoti kabisa, pamoja na CV na barua uliyowatumia wao. Dedlaini ikipita tangazo mara nyingi linaondolewa kwenye tovuti, na simu ya kukuita intavyuu inaweza kuja wiki kadhaa baadaye wakati umeshasahau ulijieleza vipi.