Jinsi ya Kulitumia Neno "Muuaji" Bila Kumhukumu Mtu

Anayeandaa habari za redio mjini Kisumu, au taarifa ya mkutano wa Nyumba Kumi, yaani majirani wanaoshirikiana kulinda usalama wa mtaa, huko Nakuru, hulihitaji neno muuaji mara nyingi, na asipolipima vizuri humtia mtu hatiani kabla ya jaji kusikiliza kesi.

Tahajia yake haina taabu. Limetokana na kitenzi ua, wingi wake ni wauaji, na tendo lenyewe huitwa mauaji. Ile w inayosikika kati ya u na a mtu anapotamka haiandikwi: ameuawa ndilo sahihi, wala si "ameuwawa".

Panapohitaji uangalifu ni katika maana. Kwa mujibu wa kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, mauaji ni kusababisha kifo kinyume cha sheria kwa nia mbaya iliyotangulia tendo. Nia hiyo isipokuwapo, kosa huwa ni kuua bila kukusudia, chini ya kifungu cha 202. Kwa hiyo aliyekamatwa usiku mtaani Kondele ni mshukiwa, akisomewa mashtaka katika Mahakama Kuu ni mshtakiwa, na hadi apatikane na hatia ya mauaji usimwite muuaji. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inamlinda hivyo, na nasisitiza jambo hili kwa sababu neno hilo likipazwa kwenye steji ya matatu, umati wenye hasira haungoji ushahidi.

Badala ya kuandika "Muuaji alikamatwa jana", andika "Mwanamume anayeshukiwa kumuua jirani yake alikamatwa jana." Vivyo hivyo, dereva ambaye lori lake lilikatika breki kwenye mteremko wa Salgaa ni dereva aliyehusika katika ajali iliyoua watu, taja tendo, usimbandike mtu jina. Aliyejitoa uhai naye asiitwe muuaji kamwe, kwa kuwa wazazi na watoto wake wataisoma taarifa hiyo.

Nje ya kesi za binadamu, Kiswahili kina maneno yake: anayechinja ng'ombe ni mchinjaji, dawa ambazo wakulima wa Molo huwanyunyizia wadudu wa viazi ni viuadudu, na kuhusu malaria inayosumbua kanda ya Ziwa, inatosha kuandika kwamba inaua.