Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Nice, Menton na Miji ya Jirani

Pwani ya kusini mwa Ufaransa, kuanzia Cannes hadi mpaka wa Italia, ina miji mizuri iliyofuatana kando ya reli moja. Ukilala Nice huhitaji kukodi gari: Antibes, Villefranche, Monaco na Menton zote zinafikika kwa treni, uende na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini jipange mapema.

Viza kwanza. Kwa wenye pasipoti za Kenya au Tanzania ni ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo usisubiri dakika za mwisho.

Angalia na mwezi. Mei kuna tamasha la filamu Cannes, na mwishoni mwa Mei au mapema Juni kuna mbio za magari Monaco. Bei za hoteli hupaa. Agosti ni joto na msongamano. Nenda Septemba, maji ya bahari bado yana joto.

Viatu: ufukwe wa Nice ni kokoto tupu. Anayetaka mchanga aende Antibes. Kijiji cha Èze kiko juu mlimani, zaidi ya mita 400, ilhali kituo chake cha treni kiko chini baharini. Ukiwa na wazee, panda basi kutoka Nice linalofika hadi kijijini. Msiwapandishe watu kile kilima kwa miguu juani.

Chakula: mikahawa mingi hufunga jiko baada ya saa nane mchana. Ukichelewa, tafuta socca, mkate mwembamba wa unga wa dengu, ule ule tunaopikia bajia. Soko la Cours Saleya usilifuate Jumatatu ukitaka mboga na maua; siku hiyo wanauza vitu vya kale.

Sasa pasipoti, na hapa nisikilize vizuri. Ijumaa kuna soko kubwa Ventimiglia, mji wa kwanza ukiingia Italia, na watalii wa Nice huenda kwa wingi. Nilikwenda na wifi yangu. Wakati wa kwenda hakuna aliyetuuliza chochote, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu Ufaransa ilirudisha ukaguzi mpakani Novemba 2015 na imekuwa ikiurefusha tangu hapo. Wakati wa kurudi, treni ilisimama Menton Garavan, kituo cha kwanza upande wa Ufaransa, askari wakaingia behewani. Mama wa Kizungu aliyekaa mbele yetu walimpita. Wakasimama kwetu.

Yangu nilikuwa nayo. Ya wifi ilikuwa hotelini, kwenye kabati la kufuli, naye alikuwa na picha yake kwenye simu, ukurasa wa viza na yote. Askari akaitazama, akatikisa kichwa, akamwonyesha mlango. Nikashuka naye. Tukakaa kituoni na mfuko wa jibini miguuni ukianza kuvuja, tukimsubiri kaka aje na pasipoti kutoka Nice. Wifi yangu ni mtu mzima mwenye wajukuu, viza yake halali, tikiti yake halali. Alijifunika uso kwa mtandio, hakutaka abiria wanaopita wamwone. Kaka alipofika, pasipoti iliangaliwa haraka, akarudishiwa bila hata pole.

Kwa hiyo beba pasipoti yenyewe, si picha wala nakala kivuli, hata kama unaishia Menton tu. Mwenye kibali cha kuishi Ulaya abebe vyote viwili. Itie kwenye kipochi cha kuvaa ndani ya nguo, maana wezi wa mifukoni wapo, hasa vituoni na kwenye tramu.

Huko sokoni usinunue mikoba bandia. Italia humtoza faini hata mnunuzi. Ukitaka kuogelea, uliza kwanza kama kuna viwavi wa baharini, wale wanaowasha ngozi. Maji ya bomba yanafaa kunywa, basi beba chupa yako. Kofia usiache. Simu iwe na chaji, na namba ya mwenyeji iwe pia kwenye karatasi. Ratiba ya treni ya mwisho itazame asubuhi kabla hujatoka, hasa Jumapili, na kukiwa na fununu za mgomo usiende mbali.