Jinsi ya kuvisoma vitabu vya historia vya Theodore Roosevelt

Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliandika pia historia. Anza na The Naval War of 1812, kinachohusu vita vya majini kati ya Marekani na Uingereza, kilichotoka mwaka 1882 akiwa na miaka 23. Ndicho bora kuliko vyote. Kaa na daftari, na kwa kila pambano la manowari chora safu nne: idadi ya mizinga, uzito wa risasi zinazofyatuliwa kwa mkupuo na mizinga ya ubavu mmoja wa meli, idadi ya mabaharia, na waliouawa au kujeruhiwa. Jihadhari na uzito wa risasi. Roosevelt alibaini kuwa risasi za Wamarekani zilipungua takriban asilimia 7 kuliko uzito uliotajwa, akakata kiasi hicho kabla ya kulinganisha. Ukiruka hatua hiyo, hesabu zako hazitalingana na zake.

Thomas Hart Benton (1887), wasifu wa seneta wa Marekani mwenye jina hilo, kisome haraka. Sehemu kubwa aliiandika Dakota, eneo la magharibi mwa Marekani, mbali na maktaba, kwa hiyo tarehe zake zihakiki kwingine.

The Winning of the West (1889–1896), kuhusu walowezi walivyosonga magharibi mwa Marekani, kilitoka katika majalada manne, lakini matoleo mengine yana sita. Unaponukuu, taja jina la sura. Namba ya jalada pekee itampoteza msomaji wako. Usiruke tanbihi, maana humo ndimo anamotaja barua na nyaraka alizotumia. Matukio yaandike ukurasa mmoja, hukumu zake ukurasa mwingine: huwatazama Wacherokee na Washawnee, mataifa ya wenyeji asilia wa Amerika, kwa jicho la walowezi, na upendeleo huo ni mzito. Soma pia wanahistoria wa mataifa hayo.