Mkimbiaji aliye kwenye orodha ya kupimwa: saa, dawa, chupa na soli

Ukipokea barua kwamba umeingizwa kwenye kundi la wanariadha wanaopimwa hata nje ya mashindano, iwe imetoka ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa za kusisimua misuli, au AIU, kitengo cha uadilifu cha riadha ya dunia kilichoko Monaco, jua kazi yako imeongezeka. Wanaojidunga EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, wana lao; wakimbiaji wa Kenya Rita Jeptoo na Asbel Kiprop walinaswa nayo wakafungiwa. Mwongozo huu ni wa anayekimbia safi, ambaye hatari yake ni mlinzi wa langoni, sindano ya goti na dawa ya kikohozi.

Saa moja ya kila siku

Kwenye ADAMS, mfumo wa mtandaoni wa kueleza ulipo, unajaza taarifa za miezi mitatu mitatu: Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na unazituma kabla robo haijaanza. Unaandika unapolala kila usiku, unapofanyia mazoezi, mashindano yako, na dakika 60 za kila siku, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, ambazo lazima upatikane mahali ulipotaja. Ukikosekana, au taarifa zikiwa pungufu au zimechelewa, hilo ni kosa moja. Makosa matatu ndani ya miezi 12 ni kufungiwa kushindana miaka miwili, adhabu inayoweza kushuka hadi mmoja kulingana na uzembe wako.

Chagua saa kumi na moja hadi kumi na mbili alfajiri, nyumbani. Bado uko kitandani na kundi halijatoka. Usichague uwanjani wala barabarani; mvua ikinyesha mkabadilisha njia, umekwisha. Usiende haja ndogo kabla saa hiyo haijaisha, la sivyo ofisa akigonga dakika ya 50 utakaa naye hadi mchana.

Mfumo unahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Saa kumi na mbili asubuhi huandikwa 06:00. Ukiandika 12:00 kwa mazoea, ofisa atakuja adhuhuri nawe uko sokoni Eldoret.

"Iten, karibu na shule" si anwani. Andika rangi ya lango, namba ya nyumba, mlango wa kugonga, na kama kuna mbwa. Mwambie mlinzi na kila unayeishi naye: mgeni akiulizia alfajiri, niamsheni. Ofisa halazimiki kukupigia simu, kwa hiyo kulala na simu mkononi hakukusaidii kitu ikiwa hakuna anayefungua lango.

Safari ikizuka, badilisha taarifa kabla ya saa yako kuanza, si ukiwa tayari kwenye matatu pasipo na mtandao. Christian Coleman wa Marekani alikosa kipimo Desemba 2019 akiwa madukani, dakika chache tu kutoka kwake. Lilikuwa kosa la tatu, na Olimpiki ya Tokyo ikampita. Na barua ya kosa ikija, jibu ndani ya siku 14 kwa ukweli na tiketi zako. Wilson Kipsang wa Kenya alijitetea kwa picha ya lori lililopinduka, kwamba ajali ndiyo iliyomchelewesha. Ajali ilikuwa ya Agosti 2019, kipimo alichokosa kilikuwa cha Mei. Kudanganya ni kosa linalojitegemea, akafungiwa miaka minne.

Duka la dawa na zahanati

Hapa ndipo watu wema wengi huangukia. Kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama daktari ndiye aliyekuandikia.

Pumu: salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa nane zozote. Kama inhela yako inatoa mikrogramu 100 kila unapobonyeza, hiyo ni mara 16 kwa siku, na si zaidi ya mara sita kwa saa nane. Vidonge na shira ya salbutamol ni marufuku siku zote bila kibali cha matibabu, na baadhi ya dawa za kikohozi za maji zimechanganywa nayo. Soma jina la dawa yenyewe kwenye kasha, maana jina la biashara halitakwambia kitu.

Sindano za kotikosteroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe na maumivu): tangu 2022 zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, popote zinapochomwa, na "wakati wa mashindano" huanza dakika moja kabla ya saa sita usiku wa kuamkia mbio. Inayoumiza wengi ni triamsinoloni, mojawapo ya dawa hizo. Ikichomwa kwenye kiungo, acha siku 10 zipite. Ikichomwa kwenye msuli, siku 60. Kwa hiyo muulize daktari anachoma nini na wapi, na aandike. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, nayo imeingia kwenye orodha ya wakati wa mashindano tangu 2024.

Dripu: zaidi ya mililita 100 kwa saa 12 ni marufuku, hata ya maji na chumvi, isipokuwa umetibiwa hospitalini, umefanyiwa upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. "Dripu ya kurudisha nguvu" baada ya mbio ndefu kwenye kliniki ya mtaani haimo humo. Ukiugua kweli, chukua karatasi yenye ugonjwa, kiasi na saa. Kibali kinaombwa angalau siku 30 kabla ya shindano. Kwa dharura, tibiwa kwanza kisha omba mara moja.

Chupa mbili

Chagua mwenyewe boksi la chupa, hakikisha namba za chupa na vifuniko zinafanana. Unatakiwa kutoa mililita 90 za mkojo: unamimina angalau 30 kwenye chupa B, ya akiba ya kuhakiki, 60 kwenye A, inayopimwa kwanza. Mkojo mwepesi kupita kiasi, chini ya 1.005 kwenye kipimo cha ukolezi, unakurudisha kwenye kiti kusubiri utoe tena (ukitoa 150 au zaidi, kiwango ni 1.003). Ndiyo maana kubugia lita mbili za maji ili utoke haraka kunakuchelewesha.

Damu ya pasipoti ya kibayolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vyako vya damu vya muda mrefu, haitolewi papo hapo baada ya mazoezi; hutolewa ukishakaa dakika 10 miguu ikiwa sakafuni. Ukiulizwa kama ulikuwa nyanda za juu wiki mbili zilizopita, taja Iten. Ukisahau, hemoglobini yako (inayobeba oksijeni kwenye damu) itaonekana ya ajabu kwa wataalamu. Andika kila dawa na virutubisho ulivyotumia siku saba zilizopita. Una malalamiko? Yaandike kwenye fomu, lakini usiondoke. Kukataa kupimwa ni miaka minne.

Soli

Barabarani unene wa soli usizidi milimita 40 na bamba gumu lililo ndani yake liwe moja tu. Uwanjani, tangu 1 Novemba 2024, ni milimita 20. Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza Vienna 2021 akavuliwa ushindi kwa soli ya milimita 50. Kiatu cha mazoezi kinachofanana na cha mbio ndicho mtego. Tafuta jina kamili la modeli kwenye orodha ya viatu vilivyoruhusiwa ya World Athletics, shirikisho la riadha duniani, wiki ya kuondoka, si asubuhi ya mbio, na usiongeze soli ya ndani, kwa sababu nayo inapimwa.